Friji ya vani si luku, ni hesabu ya usiku mmoja

Kama una vani, ama una ndoto ya vani, hebu nikuulize swali moja kabla hujaingia dukani: friji yako itakula nini saa nane usiku?

Siulizi wewe utaweka nini ndani. Hiyo unajua: soda, maziwa, mayai, nyama ya kuchoma kesho yake. Nauliza friji yenyewe itakula nini wakati injini imezimwa, jua limetua kitambo na soketi ya karibu iko kilomita 40 kutoka pale umeegesha.

Mimi na wenzangu hatukujiuliza. Ndiyo maana leo naandika nikiwa na akili, na pia na deni ambalo bado halijaisha.

Tulikuwa sita, wote tumekulia Buruburu, Phase 3. Tulichanga kwenye chama miaka miwili, kila mwezi kila mtu na chake, hadi tukapata HiAce kuukuu iliyochoka kubeba watu. Tuling'oa viti, tukajenga kitanda cha kukunja, kabati, sinki na meza, kisha tukafuatilia mambo ya NTSA hadi logibuku ikalingana na gari lilivyobadilika. Mpango ulikuwa mzuri: wikendi tunatoka, na tusipotoka tunaikodisha kwa wanaotaka kwenda Naivasha ama Diani bila kulipia hoteli.

Friji ilikuja mwisho. Hapo mbogi nzima ikashikwa na wazimu mmoja: lazima iwe ya nyumbani kabisa, milango miwili, rangi ya fedha, kama zile tunazoona kwenye video za Wamarekani wanaoishi ndani ya magari. Tukainunua. Tukaipiga picha. Picha hiyo ilipendwa mtandaoni kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka.

Safari ya kwanza ilikuwa Magadi, kama kilomita 110 kutoka jijini. Tuliegesha saa kumi na moja jioni, joto likiwa bado kama la jikoni. Friji ikawa inanguruma bila kupumzika. Saa sita usiku inveta ikaanza kupiga kelele, halafu kimya. Kulipokucha nyama kilo nne zilikuwa zimeanza kunuka na maziwa yamechacha. Na hayo yalikuwa madogo. Gari lilikataa kuwaka. Inveta ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari, ile ile ya kuwasha injini. Friji ilikuwa imekula stata yetu. Tulikaa juani hadi saa tano, dereva wa lori alipotuhurumia na kutupa moto kwa waya zake.

Fundi aliyeifunga simlaumu peke yake. Sisi ndio tulimpelekea friji kwanza, halafu tukamwambia atafute namna. Tulianza safari kwa nyuma.

Msimamo wangu ni huu: friji ya nyumbani inaweza kukaa ndani ya vani, na kwa vijana wengi wa Eastlands ndiyo chaguo la busara kuliko hizo za bei kali zinazotengenezewa magari. Lakini friji ndiyo kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni umeme. Ukipindua mpangilio huo, utakuwa umenunua kabati la chuma la bei ghali.

Ndoto ya wenyewe

Tuanze na hao Wamarekani, kwa sababu ndio waliotuuzia picha.

Kwa miaka mingi magari yao ya kulala yamekuwa yakija na friji isiyo na kompresa. Hiyo hutumia moto mdogo wa gesi, ama umeme, kupasha amonia iliyochanganywa na maji, na mzunguko huo ndio unaoleta baridi. Mtindo huo ulibuniwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Uzuri wake ni kwamba mtungi wa gesi unatosha. Unaweza kukaa porini bila kufikiria betri kubwa. Ubaya wake: inapoza polepole, ni ghali, na gari likiegeshwa kwenye mteremko friji haifanyi kazi sawasawa na inaweza hata kuharibika.

Ndiyo sababu wengi wao waliamua kung'oa hizo za gesi na kuweka za nyumbani. Nafasi ni kubwa zaidi, baridi inakuja haraka na bei kwa kila lita ni ya chini. Hapo hawakukosea.

Ila kuna kitu ambacho video haikuonyeshi. Chini ya sakafu ya gari hilo kuna betri nyingi. Juu kuna paneli za sola. Wengine wana jenereta, na kambi nyingi wanakolala zina soketi ya kuchomeka gari zima. Na gari lenyewe wakati mwingine ni kubwa kama basi la Mombasa. Wewe una HiAce, na kambi nyingi za mbugani kwetu utapata choo, maji na mahali pa kuwasha moto. Soketi usiitarajie.

Tena, umeme wao wa nyumbani ni volti 120 na mizunguko 60. Wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Kwa hivyo ukiona mtu anauza friji iliyotoka Marekani kwa bei ya kutupa, mwachie.

Yuniti moja ya tokeni

Sasa hesabu. Usiogope, ni ya darasa la sita.

Friji mpya nchini inatakiwa kuwa na lebo ya nyota ya EPRA, kufuatana na kanuni za mwaka 2016. Nyota ni kuanzia moja hadi tano, na nyingi ni bora. Lakini usiishie kwenye nyota. Tafuta ile namba ya matumizi ya umeme kwa mwaka, kwa kilowati-saa. Kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja unayonunua kwa tokeni.

Tuseme friji ndogo ya mlango mmoja, lita 90 hivi, inasema 180 kwa mwaka. Gawa kwa 365. Unapata karibu nusu yuniti kwa siku, yaani wati-saa 500.

Hiyo lakini ni namba iliyopimwa mahali patulivu. Ndani ya gari kuna joto na kuna mbogi inayofungua mlango kila dakika kumi kutafuta kitu baridi. Ongeza robo: 625. Halafu inveta, kile kifaa cha kubadilisha umeme wa betri kuwa wa nyumbani, nayo hupoteza kidogo. Ongeza asilimia 15: karibu 720. Na inveta hula hata wakati friji imetulia. Ikila wati 12 mchana na usiku, hiyo ni karibu 290 nyingine.

Jumla: wati-saa 1,000. Yuniti moja kwa siku.

Nyumbani Buru yuniti moja haifiki shilingi 40. Hata huihisi. Barabarani yuniti hiyo hiyo lazima uibebe kwa kilo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kwa hivyo unahitaji mbili, na kila moja ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kuitumia karibu yote, na ina nusu ya uzito huo ama chini. Bei yake inauma mwanzoni, lakini moja inafanya kazi ya mbili na inadumu kuliko hizo mbili.

Rudia hesabu hiyo kwa friji yetu ya milango miwili, tukisema lebo ni 300 kwa mwaka. Unafika karibu wati-saa 1,500 kwa siku. Sisi tulikuwa na betri ya gari ya ampea-saa 70. Nusu yake ni 420. Gawa mwenyewe: inatosha saa sita, saba hivi. Tuliegesha saa kumi na moja, ikazima saa sita. Hakukuwa na jini Magadi. Ilikuwa ni hesabu tu, na tungeifanya nyumbani kwa kalamu ya shilingi 20 tungejiokolea maelfu.

Usitoe pesa kabla namba hizi hazijakaa kwenye karatasi: inakula ngapi kwa siku, betri inabeba ngapi, na utarudisha ngapi kesho yake.

Kurudisha ndiko watu husahau. Chaja inayotoka kwenye alteneta ikiwa ya ampea 20 itakurudishia yuniti yako kwa mwendo wa saa nne, tano hivi. Safari ya Mombasa inatosha kabisa. Kuzunguka Naivasha siku tatu bila kuwasha gari haitoshi. Hapo unahitaji sola. Paneli za wati 300 kwenye paa, siku ya jua zuri, zinakaribia yuniti moja. Lakini Julai ya Nairobi, mawingu yakishuka wiki nzima, usitarajie hata nusu yake kwa uhakika.

Chagua kwa usingizi wako

Najua utaniambia: kwa nini nisinunue ile ya volti 12 iliyotengenezewa gari, mambo yaishe?

Swali zuri. Friji hiyo inakula moja kwa moja kwenye betri, haihitaji inveta, imezoea kutikiswa na ya lita 40 ama 50 itaridhika na karibu nusu ya ile yuniti moja. Kama mko wawili, na hakuna kitu kingine ndani ya gari kinachohitaji umeme wa nyumbani, na pesa zipo, nunua hiyo na ulale vizuri. Sina ugomvi nayo.

Shida ni bei. Kwa pesa za hiyo moja unaweza kununua friji ndogo za nyumbani mbili ama tatu, zenye nafasi mara mbili. Na vijana wengi ninaowajua wanaojenga vani tayari wanataka inveta: kuna laptopu ya kazi, blenda, televisheni, mashine ya kunyoa. Kama inveta ipo tayari, friji ndogo ya nyumbani inashinda. Ikiharibika, fundi wa friji yuko kila mtaa. Raba ya mlango ikichoka, inapatikana. Ukiuza vani, unaihamishia kejani.

Na kama unatoka mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Desemba? Kaka, dada, achana na friji kabisa. Nunua sanduku zuri la barafu, gandisha chupa za maji nyumbani, jaza, funga. Siku mbili zitapita na vinywaji vyako vitakuwa fiti. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuchukua mkopo wa simu ili ubebe soda.

Kwa wale wanaotaka kufanya vani iwe kazi, kuuza juisi, yoghati ama matunda yaliyokatwa pale Mumias South Road, hesabu ni ile ile ila kali zaidi. Mlango unafunguliwa mara mia kwa siku, na mteja akiumwa tumbo hutamwona tena, wala majirani zake.

Dukani, angalia haya

Nenda na futi. Pima mlango wa gari kwanza, kisha mahali friji itakaa, kisha friji. Niliona kwa macho yangu friji ikikataa kupita mlangoni na kurudishwa dukani kwa mkokoteni.

Tafuta herufi za hali ya hewa kwenye kibandiko cha nyuma ama cha ndani. N inamaanisha imetengenezewa mazingira yasiyozidi nyuzijoto 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Kwa Nairobi N itasaidia. Kwa Magadi, Turkana ama ndani ya gari lililofungwa juani, nataka T. Hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia herufi hizi, na hazikuongezei bei ya kuuliza.

Usidanganywe na neno "Inverter" lililoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Jamaa yangu aliamini kwamba friji yake imekuja na inveta ndani, akaiunganisha na betri, akaambulia bure. Neno hilo linahusu kompresa: badala ya kuwaka kwa kishindo na kuzima, inaongeza na kupunguza mwendo wake. Bado ni kitu unachokitaka. Kompresa ya kawaida inayokula wati 100 inaweza kuvuta mara kadhaa ya hapo wakati wa kuanza, na inveta dogo itazima hapo hapo. Ile ya mwendo laini inaanza polepole.

Inveta yenyewe iwe ya mawimbi laini, yaani inatoa umeme unaofanana na wa Kenya Power. Zile za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi-ngazi, na kompresa ikiula huo inachemka na kulalamika hadi ife. Kwa friji ndogo, inveta ya wati 1,000 inatosha na kubaki.

Ukinunua ya mitumba, fanya mtihani wa noti. Funga mlango juu ya noti ya mia, kisha vuta. Ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha na baridi inavuja. Zungusha noti pande zote nne. Na uombe iwashwe ukiwa pale, ukae nusu saa. Anayekataa kuiwasha anakujibu.

Kuifunga ni nusu ya kazi

Kosa letu la pili lilikuwa la seremala, na sisi ndio tuliomwagiza. Tulitaka friji ikae ndani ya kabati, imebanwa pande zote, ipendeze. Weka mkono ubavuni mwa friji mpya ikiwa inafanya kazi. Ni moto. Joto linalotolewa ndani ndilo linatokea hapo. Ukiibana, inapumua joto lake lenyewe na kompresa haipumziki. Acha nafasi ya angalau sentimita 5 nyuma na ubavuni, na toboa matundu ya hewa kwenye kabati, chini na juu.

Kabati toboa. Friji usitoboe. Kwenye ubavu huo huo mabomba ya gesi yamepita ndani ya bati, na msumari mmoja wa kuishikilia unaweza kuimaliza. Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Ni gramu chache tu, lakini umelala nayo kwenye chumba kidogo chenye jiko. Ishike kwa fremu ya chuma na mikanda inayoizunguka, iliyofungwa kwenye sakafu ya gari. Fikiria dereva akifunga breki ghafla Jogoo Road: kitu cha kilo 30 hakitauliza nani ameketi mbele.

Mlango nao uweke lachi. Friji ya nyumbani haikuwahi kufikiria matuta. Toa rafu za kioo kama kuna za plastiki ama waya, na mayai yakae kwenye chombo chake.

Waya ziwe nene. Wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba hapo ni kiberiti. Fyuzi ikae karibu na betri, isiwe mwisho wa safari. Na betri ya friji iwe mbali na betri ya kuwasha gari, kukiwa na kifaa kati yake kinachoruhusu alteneta ichaji zote lakini kinaizuia friji isiibe stata.

Nani atakufanyia hayo? Hapa ndipo sisi wa Buru tuna bahati. Kila mtu anaijua Buruburu kwa nganya. Magari ya 58 yamebeba skrini, taa na muziki wa kutikisa madirisha tangu tukiwa wadogo. Kuna mafundi mtaani waliozeeka wakifanya kazi hiyo hiyo: kuchukua umeme wa alteneta, kuugawa, kuulinda kwa fyuzi, na kuhakikisha gari linawaka alfajiri baada ya muziki wa usiku kucha. Usianze na muuzaji wa friji. Anza na fundi wa nganya, na karatasi yako ya hesabu mkononi. Mwambie: nataka yuniti moja kila siku, na nataka gari liwake asubuhi. Akikujibu kwa namba, kaa naye. Akikwambia "usijali, itashika", mwage chai yako uondoke.

Vitu visivyonunuliwa tena

Tuliuza ile ya milango miwili kwa hasara. Tukanunua ndogo ya mlango mmoja, betri moja ya lithiamu, inveta, chaja ya alteneta, na kipimajoto cha friji, kitu kidogo kuliko vyote. Picha yake hatukuiweka mtandaoni. Haikuwa na mvuto.

Desemba ikafika, nikaomba zamu yangu ya gari ili nimpeleke mama Kakamega. Mama ana kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikipata joto muda mrefu inapoteza nguvu, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Alikuwa amebeba ya mwezi mzima, kwa sababu kule nyumbani duka la dawa liko mbali na hana uhakika litakuwa nayo.

Usiku uliotangulia nilivuta waya kutoka nyumbani hadi kwenye gari, friji ikapoa kwa tokeni za mama mwenyewe. Nikaweka chupa tatu za maji zilizoganda ndani yake, na dawa kwenye rafu ya katikati, mbali na sehemu ya barafu.

Unaijua foleni ya Desemba ya kwenda magharibi. Ilitupata baada ya Naivasha. Magari yalisimama hadi watu wakashuka kuchota maji ya chai. Nilizima injini ili nisimalize mafuta. Mama akalala nyuma. Mimi nikabaki macho, nikisikiliza friji ikiwaka na kupumzika, ikiwaka na kupumzika. Hapo ndipo nilielewa kwamba nyama ya Magadi ilikuwa karo ya shule. Nyama unanunua nyingine. Dawa ya mzazi katikati ya foleni saa nane usiku hununui popote.

Asubuhi mama aliamka, akafungua mlango wa friji kabla hata ya kunisalimia, akasoma kipimajoto. Nyuzi 5. Akafunga taratibu na kusema, "Sawa basi. Endesha."

Kwa hivyo msee, ama msupa, ukifika dukani na macho yakuvute kwenye ile kubwa inayong'aa, toa karatasi mfukoni kwanza. Kama huna karatasi, geuka urudi nyumbani ukaiandike. Friji itakungoja. Usiku wa barabarani ndio hautakungoja.